Mama Pima: Maana ya Hili Jina, na Venye Lilifika Mtaani

Kila mtaa Kanairo uko na yule mathe. Hana bango, hana leseni ukutani, hana spika za kusumbua majirani. Mlango wake ni pazia tu. Ukiinua hiyo pazia unapata benchi mbili, jerikeni imesukumwa chini ya kitanda, na wazee wanne wameshika glasi ndogo kama watu wamepewa dawa. Ukiuliza mtoto yeyote wa hiyo ploti hapo ni wapi, atakuambia bila kufikiria: "Ni kwa mama pima."

Mimi nimelelewa Eastlands, milango mitatu kutoka kwa mmoja wao. Nilijua hilo jina kabla sijajua hesabu ya kugawa. Lakini sikuwahi kujiuliza linatoka wapi hadi juzi, binamu yangu amezaliwa majuu akaniuliza kama mama pima ni daktari. Juu kwake, kupima ni mambo ya hosi. Nikacheka sana, alafu nikagundua sina jibu la maana la kumpa. Kwa hivyo nimeenda nikasoma, nikauliza wazee, na hii ndio nimepata. Wewe pia kaa chini.

Tuanze na maana

Mama pima ni mwanamke anayeuza pombe ya mtaa kwa kipimo, na mara mob anauzia kwake nyumbani. Pombe yenyewe huwa ni chang'aa ama busaa. Jina linabeba mtu na place kwa pamoja: "mama pima" ni yeye, na "kwa mama pima" ni kwake. Wasee wavivu wa kuongea wanakata kabisa wanasema "niko pima", na hakuna mtu anadhani umeenda kupimwa malaria.

Hapo ndio tofauti yake na zile place zingine. Kwa baa unanunua chupa. Kwa Wines & Spirits unabeba mzinga, ama kakwota kama mfuko umekauka. Kwa baze unakaa na mbogi yako hata kama hakuna kitu cha kunywa. Lakini kwa mama pima hakuna chupa yako wala mzinga wako. Kuna jerikeni ya mathe, kuna glasi ya mathe, na kuna jicho la mathe likiangalia pombe ikipanda hadi pale inafaa kufika. Unalipa kile umepimiwa, unakunywa, unarudisha glasi. Busaa huwa na vyombo vikubwa kidogo, mikebe na zile kasuku za plastiki, juu ni pombe nyepesi na watu wanaikunywa kama uji. Chang'aa ni ya glasi ndogo. Ukiona mtu anakunywa chang'aa na kasuku, huyo ako na shida ingine.

Sasa angalia hilo jina lenyewe. Mwalimu wako wa Kiswahili angetaka "mama mpimaji", ama "mama anayepima". Mtaa haukungoja mwalimu. Ulichukua kitenzi kikiwa uchi, ukakiweka baada ya "mama", ukaendelea na maisha. Na hii si mara ya kwanza. Mama fua ni yule anakufulia nguo Jumamosi. Huko Tanzania wako na mama ntilie, yule wa kuuza chakula kando ya barabara, na jina lake ni sauti ya mteja kabisa: "Mama, nitilie!" Yaani mteja ameshika sahani ananyoosha mkono, na hayo maneno yake yamegeuka kuwa jina la kazi ya huyo mama.

Mama pima linasikika hivyo hivyo. Lisome na koma katikati: "Mama, pima." Ni amri ya mteja mwenye kiu. Hata leo ukikaa hapo utaiskia ikisemwa hivyo, na mathe haulizi apime nini.

Neno la kitambo kuliko chang'aa

Kupima si Sheng, wala si Kiswahili peke yake. Wakikuyu wanasema gũthima, na Wakamba wako na lao linafanana na hilo. Ni neno la Kibantu la kitambo, la watu waliokuwa wanapima vitu kabla ya mizani kufika huku.

Na kwa Kiswahili cha zamani, pima si kitenzi tu. Ni kipimo chenyewe. Nyoosha mikono yote miwili, moja kushoto, ingine kulia: kutoka ncha ya vidole vya huku hadi vya kule, hiyo ni pima moja. Ni mikono minne, karibu futi 6. Wavuvi na mabaharia wa Pwani walipima kina cha maji hivyo, na kamba pia. Nafaka nayo ilikuwa na vibaba, na vibaba 4 vilifanya pishi moja. Kile kibaba unajua kwa methali ya haba na haba ni chombo cha ukweli, si mfano tu.

Huku mtaani hilo neno halijawahi kupumzika. Fikiria vitu umetumwa dukani tangu ukiwa mtoto: mafuta ya kupima, maziwa ya kupima, parafini ya kupima. Hii ndio kadogo ekonomi, ile biashara ya kuuzia watu kile kiasi wanaweza kulipia leo, juu mshahara wa leo umekuja leo na wa kesho haujulikani. Msee wa mjengo akitoka kazini na soo tano, ametoa ya unga, ametoa ya nauli, hawezi nunua bia ya chupa. Lakini ya glasi moja haikosi. Mama pima ako kwa laini moja na duka la mafuta ya kupima. Tofauti ni kwamba moja ikipita karau ananunua, na ingine ikipita karau anavunja mlango. (Ama ananunua pia, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.)

Kabla ya glasi kulikuwa na chungu

Hii sehemu ndio ilinishangaza zaidi. Ukiangalia venye wazee wetu walikunywa, hakukuwa na kupima.

Enda Western. Busaa ilikuwa inakaa kwa chungu kimoja kikubwa katikati, na wazee wakizunguka na mirija mirefu, kila mtu anavuta kutoka mahali ameketi. Hakuna glasi yako na yangu. Nani ataanza kuvuta, nani ataketi wapi, hiyo ndio ilikuwa na sheria. Kwa Wakikuyu muratina ilikuwa ya wazee na ya mambo mazito, kama ruracio na kuomba msamaha. Hata jina la muratina ni la mti: yale matunda marefu kama soseji ndio yanakaushwa na kutumika kuchachusha asali ama maji ya miwa. Pwani nako mnazi unatoka kwa mgema, na ule msemo wa mgema akisifiwa tembo hulitia maji unakuonyesha wateja wa huko walianza kulalamika kitambo sana. Hadi wa leo place ya kukunywa mnazi Mombasa na Kilifi inaitwa mangwe, na ukienda huko umeenda mangweni.

Sasa ona kile kilibadilika. Kwa boma, pombe ilikuwa na mwenyewe, sababu na mgeni wa heshima. Haikuwa na bei ya glasi. Ilikuwa inapikwa na wanawake na kukunywa na wazee, na hao wanawake hawakupata mkwanja wowote. Ilipofika tauni, kwa watu hawajuani, wanaolipwa kila wiki ama kila siku, ilibidi igawanywe kwa vipande vinavyouzika. Na mtu ambaye alikuwa tayari anajua kuipika alikuwa ni mwanamke. Ongeza kipimo kwa ule ujuzi wa mama na umepata mama pima.

Busaa si kitu cha kupika kwa dakika. Unga wa mahindi unalowekwa siku kadhaa uchachuke, alafu unakaangwa juu ya bati moto hadi uwe kahawia, unarudishwa kwa maji na kimera cha wimbi, unangoja tena, ndio unachuja. Chang'aa ndio hiyo safari na hatua moja zaidi: kile kimechachuka kinachemshwa kwa drum, mvuke unapitishwa mahali pa baridi, unarudi kuwa maji makali. Hapo kwa baridi ndio utaelewa juu ya nini wapishi wengi wanakaa kando ya mto. Si kujificha tu. Ni maji ya kupoza.

Pumwani, Kibra, Mathare

Kanairo ilijengwa kama tauni ya wanaume. Mzungu alitaka wafanyikazi, hakutaka familia zao. Mwanamke aliyekuja peke yake hakuwa na kazi rasmi ya kupewa, kwa hivyo alijipangia. Wengine walijenga nyumba za kukodisha, wengine walifanya umalaya, wengi walipika pombe, na wengine walifanya zote.

Kibra ilikuwa ya askari wa Kinubi, wale waliotoka Sudan wakapigania Waingereza kwa King's African Rifles wakapewa hapo pa kukaa. Kibra kwa lugha yao ni msitu. Wanawake wao walijulikana jiji nzima kwa kutengeneza kitu kikali kiliitwa Nubian gin. Pombe kali ilikuwa haramu kwa Mwafrika wakati huo, na bia ya chupa pia alizuiwa kuinunua hadi miaka ya 1940. Kenya Breweries ilianzishwa 1922. Yaani kwa miaka na miaka bia inatengenezwa hapa, na mwenye nchi hawezi kuagiza moja.

Pumwani nayo ilianza mwanzo wa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika. Wenye jiji wakapiga marufuku kupika pombe kwa nyumba, alafu wakafungua kilabu yao wenyewe hapo hapo. Soma tena hiyo. Pombe ya mathe ni uhalifu, pombe ile ile ikiuzwa na manispaa ni mapato. Hii akili haikutoka Nairobi. Ilitoka Durban, Afrika Kusini, na ndio inaitwa mfumo wa Durban: sheria ya 1908 iliipa manispaa haki ya kuuzia Waafrika pombe peke yake, na faida ikatumika kulipia kuwatawala hao hao Waafrika. Ulikuwa unakunywa na kujilipia askari wa kukushika.

Baada ya uhuru Mathare ndio ilikuwa mji mkuu wa busaa. Mwanaanthropolojia Nici Nelson aliishi na wapishi wa huko miaka ya 1970, na kitu kimoja aliandika sana ni venye hao wanawake walisaidiana. Ukiishiwa, mwenzako anakuuzia kwa jumla kwa deni. Masanse wakiingia bonde, habari inakimbia mlango kwa mlango kabla wavuke mto. Wengi hawakuwa na mume wa kutegemea. Walikuwa na kile walijifunza kwa jikoni za mama zao, mtaji kidogo, na wateja wengi wa kiume wenye mshahara mdogo. Kutoka hapo zikatoka kodi za nyumba na karo za shule. Mimi niliacha chuo juu karo ilikataa, na kwa darasa letu alikuwepo mmoja ambaye karo yake haikuwahi chelewa hata siku moja. Mathe yake alikuwa pima.

Dadake mama pima ako Ireland

Juu tumefika Afrika Kusini, lazima ujue neno lao: shebeen. Wewe umelisikia kwa filamu na kwa muziki wa huko, na pia hapa Kenya kuna watu wanalitumia. Place ya pombe isiyo na leseni, mara nyingi nyumbani kwa mwanamke, na mwenye nyumba anaitwa shebeen queen. Sophiatown na Soweto zilijaa hizo. Sababu ni ile ile ya Pumwani, maana Mwafrika wa huko hakuruhusiwa na sheria kununua pombe ya Mzungu hadi 1962.

Lakini shebeen si Kizulu wala Kixhosa. Ni neno la Ireland, síbín, na lilikuwa linatumika huko karne ya 18 kwa pombe ya magendo na nyumba zake, wakati Waayalandi walikuwa wanakwepa ushuru wa Muingereza. Na sasa shika kiti: kamusi za Kiingereza zinalifuata hadi kwa neno la Kiayalandi séibe, ambalo ni kikombe, chombo cha kupimia kinywaji.

Kipimo! Mama wa Mathare na mama wa Ireland hawakuwahi kuonana, lugha zao hazina undugu wowote, na place zao zote mbili zilipata jina kutoka kwa kile chombo cha kumwagia. Ukifikiria si bahati tu. Serikali ikishafunga chupa, yaani ikishaamua nani anaweza kutengeneza, kupaki na kutoza ushuru, kile kinabaki kwa maskini ni kuuziana kwa kikombe.

Na hao wanawake wa Durban hawakukaa kimya. Mwaka wa 1959, huko Cato Manor, waliandamana wakavamia vilabu vya manispaa, juu polisi walikuwa wanamwaga pombe yao nyumbani na waume zao wanapeleka mshahara kwa vilabu vya serikali. Ukiwa na mama pima kwa ukoo wenu, hiyo ni stori ya kumtafutia.

Sheria yetu ilifanya nini

Hapa sitakaa sana. Mwaka wa 1980 Kenya ilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Watu hawakuacha kukunywa, walianza tu kukunywa wakiangalia mlango. Miaka 30 baadaye ikaja sheria ya 2010 ya kudhibiti pombe, ile kila mtu anaita sheria ya Mututho juu ililetwa bungeni na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Wewe unaikumbuka kwa sababu ya masaa ya baa. Kile wengi hawajui ni kwamba hiyo hiyo sheria ilifuta marufuku ya 1980. Chang'aa yenyewe ikawa halali.

Halali, lakini kwa masharti. Leseni, chupa, lebo, na onyo la afya. Yaani ilihalalishwa kwa kila mtu isipokuwa mama pima, juu kazi yake yote ni kuuza bila chupa na bila lebo. Kwa hivyo leo akishikwa, hashikwi kwa sababu ya kile ako nacho kwa glasi. Anashikwa kwa sababu ya glasi.

Kile glasi haiwezi kupima

Sasa nisikufanye udhani hii ni stori tamu ya mathe shujaa, juu kuna sehemu ingine na iko na makaburi.

Novemba 2000, Mukuru, zaidi ya watu 130 walikufa baada ya kukunywa kumi kumi, ile iliitwa hivyo juu glasi ilikuwa ashu. Juni 2005 Machakos, karibu watu 50. Mei 2014 ikapiga kaunti kadhaa kwa siku chache, Embu, Kitui, Makueni na zingine, na zaidi ya watu 80 wakaenda. Februari 2024 Kirinyaga, angalau 17. Na kila mara kuna wale hawakufa. Waliamka vipofu.

Mwenye makosa anaitwa methanoli. Ni kemikali ya viwandani, ya kutengenezea rangi na vitu vya kusafishia, na ni bei ya chini. Msee fulani huko juu kwa laini ya wauzaji anaimwaga kwa pombe ndio iwe kali haraka. Mwilini ini linaibadilisha kuwa asidi ambayo inashambulia mshipa wa macho kwanza. Mililita 10 tu za methanoli safi zinaweza kukupofusha, na 30 zinaweza kukuua. Hiyo ni vijiko viwili vya chai, na vijiko sita.

Na usiniambie habari ya kuonja ama kuwasha kiberiti. Methanoli inanukia kama pombe, inaonja kama pombe, na ukiiwasha inawaka kama pombe. Ile ya "ikiwaka bluu iko safi" ni uongo umezika watu.

Ubaya mwingine ni kwamba haipigi hapo hapo. Inaweza kungoja masaa 12, hata 24. Kwa hivyo mtu analala poa, anaamka na kichwa, tumbo linauma, anatapika, anasema ni hangova. Anaenda kutoa lock na glasi ingine kutoka jerikeni ile ile. Kile kinatofautisha ni macho: ukungu, ama kama theluji mbele yako, ama taa zinakuumiza. Mtu wako akisema haoni vizuri baada ya kukunywa, usimpe maziwa, usimpe maji ya chumvi, usimwambie alale. Hosi, saa hiyo hiyo, na uwaambie alikunywa nini na lini. Kuna dawa ya kuzuia ini kugeuza hiyo sumu, kuna mashine ya kusafisha damu, na watu wanapona wakifika mapema.

Jirani yetu yule wa mlango wa tatu, mchana tulimuita Mama Kevo kama mama yeyote wa ploti. Zamani alikuwa anajua mpishi wake, mwanamke wa kando ya mto, walitoka ushago mmoja. Alafu mpishi akazeeka, na jerikeni zikaanza kuja na bodaboda kutoka kwa kijana hajui kwao. Ilipofika ile wiki ya Mei 2014, redio ikisoma idadi kila saa, alivuta jerikeni kutoka chini ya kitanda akaimwaga kwa mtaro mbele ya wateja wake. Mzee mmoja akapiga nduru kama amefiwa. Mathe akamwambia, "Baba, mimi napima ujazo tu. Kilichomo ndani sina kipimo chake."

Saa hii anauza ndengu na chapo hapo hapo, nyuma ya pazia ile ile. Kevo anachukia sana ukimuita mtoto wa pima, alipigana shule ya msingi juu ya hiyo, na bado hataki. Lakini makanga wa laini yetu hawajabadilisha kitu. Ukipanda jioni ukiwa umechoka, ikikaribia ile kona utasikia akigonga bodi: "Kuna wa pima? Pima wako?"